Kiwanja kwa lokesheni ya WhatsApp: tunapigwa mchana kweupe

Nilikuwa kimya kidogo, mambo ya kusaka riziki. Leo nina jambo limenikaa rohoni, na najua wengi humu mko kwenye umri wa kuanza kununua viwanja, au basi wazazi ndio wananunua halafu mnaitwa nyie kwa sababu "mnajua mambo ya simu".

Mama mdogo wangu alinunua kiwanja Chanika, mita 20 kwa 20. Hakuja mpima. Dalali alisimama na simu kwenye kila kona, akabofya, akamtumia lokesheni nne WhatsApp. Akamwambia, "Mama, hii ni GPS, setelaiti haidanganyi." Mwaka haujaisha, jirani kaja na mafundi, wakaanza kuchimba msingi upande ambao mama mdogo anasema ni wake. Jirani naye ana lokesheni zake, alipewa na dalali mwingine. Wanagombania mita kama 4. Kwenye upana wa mita 20, hiyo ni moja ya tano ya kiwanja, hela ya miaka ya kuuza vitumbua.

Nikapigiwa simu: mwanangu njoo na simu yako uwaonyeshe. Nikaenda kifua mbele, kijana wa intaneti. Nikasimama kwenye kona ile ile asubuhi, saa 7 mchana, na jioni. Simu ikanipa sehemu tatu tofauti! Kona nyingine iko chini ya mwembe, hapo ndo ilikuwa kichekesho: ikanipeleka mita 9 pembeni, kwa jirani wa tatu ambaye hata hayumo kwenye ugomvi. Nikarudi kimya, nikaanza kusoma.

Kumbe jambo lenyewe liko hivi. Setelaiti za GPS, mali ya serikali ya Marekani, zinazunguka juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomu na inatangaza muda wote: mimi ni fulani, niko hapa, saa hizi ni saa fulani. Basi. Haijui kama upo. Simu yako haitumi chochote kule juu, inasikiliza tu, ndo maana GPS inafanya kazi hata bando likiisha (kinachogoma ni ramani kufunguka). Tangazo linachukua kama sekunde 0.07 kufika kwako. Simu inapima limechelewa kiasi gani, inazidisha na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, inapata umbali. Inahitaji setelaiti nne: tatu za kujua ulipo, ya nne kwa sababu saa ya simu yako ni ya bei rahisi na lazima isahihishwe. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300.

Sasa fikiria huo muda unavurugwa na nini. Mawimbi yakigonga ukuta au bati kabla ya kufika, yamezunguka, simu inadhani setelaiti iko mbali zaidi. Majani ya mwembe yanayadhoofisha. Na hewa ya juu kabisa yenye chaji za umeme inayachelewesha, tena sisi tulio karibu na ikweta ndio tunaopata shida hiyo zaidi. Kwa hiyo simu ya kawaida, uwanja wazi, inakosea kama mita 5. Hiyo ndiyo hali nzuri. Hadi mwaka 2000 ilikuwa mbaya zaidi, Marekani walikuwa wanaivuruga makusudi kwa raia, wakaacha Mei 2 mwaka huo.

Angalia pia namba ulizotumiwa. Zikiwa na tarakimu nne tu baada ya nukta, hatua moja ya ile ya mwisho ni mita 11. Huo ni upana wa zaidi ya nusu ya kiwanja cha mama mdogo.

Wenye viwanja vilivyopimwa msicheke. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, simu inatumia WGS84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, unatua karibu mita 300 kutoka kwenye kiwanja chako. Mtu anaweza kujenga kwa watu na karatasi halali mkononi.

Je, kifaa kipi ununue? Kwa mpaka wa kiwanja: usinunue chochote. Mpima mwenye leseni anatumia vipokezi viwili, kimoja kinakaa sehemu inayojulikana kinasahihisha makosa ya mwenzake, wanapata sentimita. Hicho si kifaa cha duka la simu.

Kwa kupima ekari za shamba, safari za porini au kuvua, hapo sawa. Simu ichague inayosikiliza mifumo yote, GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na ikiwezekana masafa mawili, L1 na L5, maana masafa mawili yanasaidia kufuta ule ucheleweshaji wa hewa ya juu. Programu ya bure ya GPSTest itakuonyesha dukani kabla hujatoa hela. Vile vya mkononi kama Garmin eTrex havikupi usahihi wa ajabu kuliko simu nzuri. Faida yake ni kuvumilia mvua na, kwa matoleo mengi, kutumia betri ndogo za kununua dukani. Muuzaji akikusifia WAAS, mwambie hiyo ni ya Amerika Kaskazini. Ukinunua cha mtumba, angalia tarehe: hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 6, 2019, na vingine vya zamani vinaonyesha mwaka wa ajabu mpaka leo.

Tukirudi Chanika, mwenyekiti wa mtaa kasimamisha ujenzi. Jirani kakubali kuchangia gharama ya mpima nusu kwa nusu, dalali hapokei simu. Msingi umebaki shimo, mvua inajaza maji. Kama kuna mdau alishapita njia hii kwenye kiwanja ambacho hakijapimwa, atupie hapo chini: jirani yako alikubali kipimo, au mlifika baraza la kata?