Anakula, Lakini Anakonda

Tulikuwa tumeahidi kuongea juu ya madaftari ya watoto, lakini mama wawili walitusimamisha sokoni wakauliza: "Mwalimu, yule paka wenu mnene wa mlangoni amepatwa na nini? Amebaki ngozi tu." Tumeona afadhali tuwajibu wote kwa mara moja, maana jambo lenyewe halikuishia kwa paka.

Paka wetu tunamwita Pusi. Hatukuhangaika kutafuta jina. Ni dume, ana miaka kumi hivi. Aliingia nyumbani mwaka ule panya walipokula madaftari ya darasa la nne tuliyokuwa tumeleta kusahihisha, pamoja na mahindi karibu nusu gunia. Tangu alipofika hatujapoteza hata daftari moja. Mshahara wake ulikuwa bugali na mchuzi, vichwa vya ndagala, na uji wa watoto wenye sukari, ambao walimpa kwa siri. Akanenepa. Watoto walimpima siku moja kwa mchezo kwenye mizani ya mama muuza ndagala: kilo sita kasoro kidogo. Sisi tulicheka. Katika nchi yetu, nani anaogopa unene?

Mwezi wa pili akaanza kunywa maji. Paka hunywa kidogo sana, lakini huyu alimaliza bakuli, akaenda kwenye beseni la vyombo, akaenda kwenye ndoo. Alikuwa anakula kuliko zamani, na akimaliza analia tena. Huku mgongo unatokeza mifupa. Tulisema ni minyoo. Jirani mmoja akasema amekula panya mwenye sumu. Mwingine akasema mambo ya usiku, ambayo hatutayaandika hapa.

Aliyejua ni Mama mkwe, ambaye watoto wanamwita Bibi. Nyuma ya jiko tuna rundo la mchanga wa kujengea, na ndipo Pusi anapojisaidia. Asubuhi moja Bibi alikuwa amekaa pale na fimbo yake, akatuita: "Njooni muone sisimizi." Walikuwa wamejaa mahali penye mkojo wa paka kama watu kwenye mkate. Bibi akasema, "Huyu ana ugonjwa wangu."

Bibi ana sukari tangu alipokuwa kambini Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, ambako watu wengi wa Fizi walikimbilia kuanzia mwaka wa 1996. Kule alikonda karibu mwaka mzima. Kila mtu alikuwa na sababu yake: chakula cha kambi, mawazo, watoto waliobaki nyuma. Alikuwa anaamka usiku mara nne, mara tano, na aliona haya kusema. Mpaka siku alipoanguka kwenye foleni ya maji ndipo walimpima damu. Meli za kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka zilianza mwaka wa 2005. Yeye alirudi baadaye, na chupa yake ya insulini ndani ya kitambaa chenye maji.

Hivyo alipomuona Pusi hakubahatisha. Alitaka apimwe, tena kwa kimashine chake na kwa kipande chake kimoja cha kupimia, na vile vipande mnajua vinavyopatikana kwa shida. Tulimwita mganga wa mifugo, ambaye kazi yake ni ng'ombe, mbuzi na chanjo ya mbwa. Alikuja kwa moyo mwema. Alimfunga paka ndani ya kitenge, akabaki na kichwa nje, akachoma ukingo wa sikio, na tone likatoka. Kimashine kikaandika 438. Alituonya kwamba paka akiogopa, sukari yake hupanda kwa muda, hivyo namba moja haitoshi. Lakini kwa namna anavyokunywa, anavyokojoa, anavyokula na kukonda, na wale sisimizi, hakuona sababu ya kutafuta jina lingine.

Watoto waliuliza: mtu anakondaje na yeye anakula? Sisi walimu tunapenda swali kama hilo. Tuliwaambia wafikiri mitumbwi inarudi alfajiri imejaa ndagala, inafika ufukweni, lakini hakuna wa kupakua. Samaki wako pale pale, wengi mpaka wanaoza, na nyumbani watu wanalala njaa. Sukari ya chakula imejaa kwenye damu. Insulini ndiyo mpakuzi, na insulini hutoka kwenye kongosho, karibu na tumbo la chakula. Ikikosekana au ikishindwa kazi, mwili unaanza kula mafuta yake wenyewe, halafu nyama yake. Sukari iliyozidi inatoka kwa mkojo na kuvuta maji, ndiyo maana ya kiu.

Paka naye ameumbwa kula nyama na samaki. Bugali kidogo haimuui, lakini unene ndio unaomfungulia ugonjwa huu mlango, zaidi kwa dume mwenye umri. Kule Ulaya na Marekani paka wa namna hii wanachomwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa kumi na mbili, na wanapewa chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo. Wengine, wakipatikana mapema, wanafika mahali pa kuacha sindano.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani kwetu. Bibi alisema, "Basi mpeni tone moja la yangu."

Hakuwa anatania. Tulikuwa tumewasimulia watoto jinsi insulini ilivyopatikana: mwaka wa 1889, katika mji wa Strasbourg, waganga wawili, Minkowski na von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa akapata sukari, mwaka wa 1921, Toronto, Banting na Best wakatengeneza dawa kutoka kongosho na kuijaribu kwa mbwa, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa wa kwanza. Baadaye, kwa miaka mingi, dawa hiyo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe wanyama ndio waliotupa," akasema. "Na leo mnyama akiomba tone, tunamnyima?"

Sisi tulisema hapana. Kijana wetu wa darasa la sita, ambaye anajitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, alichukua kalamu. Chupa ina vipimo 1000. Bibi anachoma 30 kwa siku. Chupa ikifunguliwa tunaambiwa tusipitishe majuma manne, ni siku 28. Hiyo ni 840. Zinabaki 160 za kutupa. Paka mdogo angehitaji kipimo kimoja asubuhi na kimoja jioni: siku 28 ni vipimo 56. "Sasa, Baba, Mama, mnakataa kwa hesabu gani?"

Tunakiri mbele yenu kwamba tulikosa jibu la haraka. Kisha akataka kutuonyesha kwa macho, akaleta chupa kutoka kwenye chungu. Ilikuwa siku ya ishirini tangu ilipofunguliwa. Bibi angekuwa ametumia vipimo 600, na kubaki 400, yaani chini ya nusu. Chupa ilikuwa imepita nusu, na kwa mbali. Kijana aliigeuza, akaipindua, akafuta karatasi, akaandika upya. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, hesabu yako haifiki."

Bibi alinyamaza. Alitazama paka.

Alikuwa anajipunguzia. Si 30, ni 20, tena bila kumwambia mtu. Mnakumbuka zile wiki ambazo barabara ya Uvira ilikuwa haipitiki, na dawa hazikushuka? Wakati ule chupa yake ilimalizika na nyingine haikupatikana kwa siku kadhaa. Hakusahau. Tangu siku ile aliamua kuweka akiba ndani ya chupa, kama mtu anavyoweka unga chini ya mtungi. Na sisi, tuliomtazama kila siku, tulimwona anapungua mabega tukasema ni uzee. Kwa paka tulimwita mganga baada ya majuma sita. Kwa Mama tulikuwa bado tunasema uzee.

Kesho yake tulimpakia kwenye pikipiki tukampeleka hospitalini. Alikuwa amepungua kilo saba tangu kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye daftari lake. Mganga hakumgombeza, alimrudisha kwenye 30 na kumwambia kwamba akiba ya namna ile inakula miguu na macho polepole. Tumenunua chupa ya pili, iko kwa muuguzi mwenye friji. Fedha ilitoka kwenye mabati ya jiko. Jiko litasubiri, mvua yenyewe imeisha.

Juu ya chungu, mama mmoja alituuliza kama kweli insulini inaweza kukaa nyumbani bila friji. Chupa isiyofunguliwa, ya kuweka akiba ndefu, iende penye baridi. Lakini ile unayotumia, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima nyumbani mwa wakimbizi wa Dadaab, Kenya, ambako joto ni kali kuliko hapa, na mwaka wa 2021 wakatangaza kwamba ilibaki na nguvu yake majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya 25 na 37. Bibi anatumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, kitambaa juu. Juani kamwe, na karibu na mafiga kamwe. Ulizeni hata hivyo muuguzi wenu, maana dawa si za namna moja.

Turudi kwa Pusi. Hatukumpa insulini ya Bibi, na kijana wetu hajatusamehe kabisa. Mganga wa mifugo alitueleza jambo ambalo hesabu haikulionyesha: ukimzidishia paka hata kidogo, au akichomwa na asile, sukari inaanguka, anatetemeka, na anaweza kufa usiku mmoja. Ingehitajika kumpima mara nyingi, na kila kipande cha kupimia kingekuwa kinatoka kwa Bibi. Tulilipima hilo usiku mbili. Wako watakaosema ni rahisi, paka ni paka. Kwetu haikuwa rahisi.

Tulichoweza tulifanya. Bugali tuliondoa, uji tuliondoa. Anakula ndagala mbichi au waliochemshwa bila chumvi, na matumbo ya mikebuka mama muuza samaki anapotuonea huruma. Maji hayakosi. Mchanga unabadilishwa, na watoto wananawa. Kilo 3.2 zilipanda mpaka 3.4 katika majuma matatu, na nyumba nzima ilishangilia kama kuna harusi. Halafu miguu ya nyuma ikaanza kulegea: anakanyaga kwa kisigino, kama sungura, kwa sababu sukari inaharibu mishipa ya fahamu. Hapandi tena dirishani. Jumamosi iliyopita mizani ilisema 2.8.

Mama mmoja alituletea kipande cha parasetamoli ampunguzie maumivu. Tulimshukuru, na tukakizika kwenye jivu. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kipande kidogo. Tafadhali msijaribu.

Wengine wametuambia tummalize. Mganga wa mifugo naye, kwa upole, alisema kwamba siku akikataa chakula, akitapika, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyooza, tumwite, na kuna sindano ya kumlaza ambayo haiumizi. Tumekubali. Tumewaambia watoto pia, maana hatutaki waamke siku moja wakute kimya na wasielewe. Mdogo aliuliza kama Bibi naye atalazwa hivyo. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Mimi nina chupa mbili."

Bibi ameomba mkeka wa paka uwekwe karibu na wake, barazani, upande wa jua la asubuhi. Wanakaa pale wote wawili. Saa moja kijana analeta chupa na sindano, anasoma kipimo kwa sauti, Bibi anajichoma, na kijana anaandika kwenye daftari. Ndilo daftari moja, ukurasa wa kushoto wa Bibi, wa kulia wa Pusi. Wa Bibi umeanza kupanda.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya yale madaftari ya watoto tuliyoahidi. Panya wamerudi.