Maji yanayovuja ni mtaji unaopotea

Gunia la mahindi likitoboka huko Mkange, wilayani Bagamoyo, mwenye mali hulishona siku hiyo hiyo. Koki ikivuja, hukingiwa ndoo na kuachwa wiki nzima. Hilo ni kosa la hesabu.

Koki inayojaza ndoo ya lita 20 kwa siku hupoteza lita 600 kwa mwezi, yaani ndoo 30. Mama lishe au mfugaji wa kuku anayenunua maji azidishe bei ya ndoo mara 30, ataona faida yake inakokwenda.

Kuwa jirani na Mto Wami si kinga. Maji ya bomba husukumwa kwa pampu, na pampu hula umeme au dizeli kwa kila lita, iliyouzwa na iliyovuja. Mradi wa kijiji ukisukuma ndoo 100 na 30 zikapotea njiani, ndoo 70 zinazouzwa hubeba gharama zote. Hapo ama bei itapanda, ama mradi utakufa. Na ukame ukija, hali huwa ngumu zaidi: Oktoba 2022 DAWASA ilitangaza mgawo baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua.

Uvujaji uliojificha hugunduliwa kwa mita. Usiku zifungwe koki zote na namba ziandikwe. Asubuhi, kabla ya maji kutumika, zisomwe tena. Zikiwa zimesogea, kuna panapovuja. Wenye matangi wafunge koki ya kuingiza na ya kutoa maji, kisha waweke alama usawa wa maji. Nyasi mbichi wakati wa kiangazi ni dalili nyingine.

Mpira wa koki uliochakaa ubadilishwe mapema. Kufunga bomba lililopasuka kwa mpira wa baiskeli ni msaada wa muda tu, kwani maji yakikatika tundu hilo huvuta uchafu ndani.

Kwa kawaida maji yakishapita mita bili ni ya mteja. Kabla ya mita, matengenezo ni ya mtoa huduma. Basi mteja atoe taarifa mapema, na mtoa huduma afike upesi. Vyombo vya maji vya jamii, vilivyo chini ya usimamizi wa RUWASA iliyoanzishwa 2019, vitenge fedha za vipuri na fundi wa kijijini. Kila mkutano wa kijiji usomewe maji yaliyosukumwa na yaliyouzwa. Pengo likionekana, wananchi watauliza.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.