Mbinga Nayo Ina Historia, Mheshimiwa

Mahafali ya kidato cha nne, Mbinga. Mgeni rasmi kachelewa, pilau limepoa, halafu anasimama kuwahimiza vijana wasome kwa bidii ili siku moja wapate nauli ya "kutembelea miji yenye historia". Akaitaja: Zanzibar, Bagamoyo, Kilwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nani katuroga tukaamini kwamba historia lazima iwe na mlango wa nakshi na mkata tiketi getini? Mji ni watu na kazi zao. Mheshimiwa angechungulia dirishani tu angeziona ngolo, yale mashimo ya kilimo, mlimani. Karne ya 19 Wamatengo, wenyeji wa hapa, waliwakimbia Wangoni wakajibana kwenye miteremko mikali, na ardhi ikawa haba. Wakabuni: nyasi zinafyekwa, zinapangwa mistari inayokatana, kisha akina mama wanachimba udongo katikati na kuzifukia. Linabaki shimo la kunasa maji, maharage yanaota juu ya tuta, na mvua ipige itakavyo, udongo hauporomoki. Mji wa Mbinga umelishwa na mashimo hayo. Ajabu ni kwamba hayo hatuyaiti historia, tunayaita shamba la bibi.

Haya, tuteremke Ziwa Nyasa. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake, ndiko meli yao Hermann von Wissmann ilikokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa tarehe 13 Agosti 1914. Ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ikafyatua mizinga. Nahodha Mjerumani alikuwa hajasikia hata kwamba vita imeanza, na aliyempiga ni rafiki yake wa kunywa naye! Magazeti ya London yakashangilia ushindi wa majini. Muulize mwanafunzi wa Mbinga leo, atakutajia Vasco da Gama.

Niliposema watoto wapelekwe Liuli, kuna bwana mmoja akanijibu: "Lakini kule hakuna hoteli yenye bwawa la kuogelea." Bwawa! Mbele ya Ziwa Nyasa! Mwacheni aende akaogelee kwenye beseni.

 

Shule zetu ndizo zinazoniudhi zaidi. Basi la safari ya mafunzo linapita Songea, walikonyongwa mashujaa wa Vita vya Majimaji tarehe 27 Februari 1906 na makumbusho yao yapo, watoto wanashuka kununua chipsi na kujisaidia, safari inaendelea kuelekea pwani. Na barabara ya kuteremka ziwani, ya Mbamba Bay, ina lami siku hizi, kisingizio cha matope kimekwisha. Karatasi ya mchango wa safari ya Bagamoyo ikiletwa nyumbani kwangu itarudi bila senti, hadi watoto wafikishwe kwanza Liuli.