Kelele si Rufaa

Kila mwaka watoto wetu wa shule za msingi hukutana katika UMITASHUMTA, na wale wa sekondari katika UMISSETA. Mwisho wa juma viwanja vya mitaa hujaa vijana wa mpira wa miguu. Hilo ni jambo la heri. Lakini ipo aibu moja ambayo hatuwezi kuinyamazia, nayo ni mwenendo wa baadhi yetu sisi watu wazima tusimamao ukingoni mwa kiwanja.

Baba mzima, mwenye heshima zake kazini na mtaani, humtukana refa kijana mbele ya mtoto wake mwenyewe. Kocha huwatoa wachezaji kiwanjani kwa kugomea penalti. Wakiulizwa, hujibu kwamba wamedhulumiwa na kwamba walikuwa wakilalamika tu.

Sisi twasema kelele si rufaa. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara bila haki hamrukii msimamizi wake kwa ngumi. Huliendea tawi la chama cha wafanyakazi, akaeleza shauri lake, pande zote mbili zikasikilizwa. Mwanachama asiyeridhika husema ndani ya kikao. Iweje basi adabu hiyo tuifuate kazini na kuisahau kiwanjani?

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2016 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilitolewa na Kongo Brazzaville katika kuwania fainali za Afrika. TFF, ikiushuku umri wa mchezaji mmoja wa wapinzani, ilikata rufaa kwa CAF. Mchezaji huyo alitakiwa apelekwe kupimwa, lakini hakupelekwa. Kongo ikaondolewa, na mwezi Mei 2017 vijana wetu wakacheza fainali nchini Gabon. Kalamu ilipata kile ambacho matusi yasingekipata. Wala tusijisifu kupita kiasi, kwani mwaka 2005 sisi wenyewe tuliondolewa katika fainali za umri huo huo kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri. Sheria ni msumeno.

Ghadhabu nayo ina mwisho wake. Mwezi Desemba 2012, katika mji wa Almere nchini Uholanzi, baba mmoja alijitolea kushika kibendera katika mechi ya timu ya mwanawe. Mchezo ulipokwisha alipigwa na watu wa upande wa pili, na kesho yake akafa. Mwaka 2013 vijana sita, pamoja na baba wa mmoja wao, walitiwa hatiani. Tusingoje msiba kama huo utufikie ndipo tujirekebishe.

Hata hivyo, kuwakemea mashabiki peke yao hakutoshi. Mtu hupayuka zaidi pale anapoona hana mlango wa kugonga. Wako waandaaji wa mashindano wanaopokea barua ya mlalamikaji na kuikalia mpaka kombe limekwisha kutolewa. Hao nao ni washiriki wa fujo, ingawa hawakurusha jiwe.

Kwa hiyo, kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, kila mashindano hayana budi kumtaja mtu wa kupokea malalamiko, muda wa kuyaleta na muda wa kuyajibu. Lalamiko liandikwe, pande zote zisikilizwe, na jibu litolewe kwa maandishi pamoja na sababu zake. Kama ilikuwa penalti au sivyo, hilo si la kukatiwa rufaa, kwani neno la refa juu ya tukio la mchezo ni la mwisho. Lakini mamluki, matusi na kipigo ni mambo ya kufikishwa mbele ya kamati bila woga.

Makocha nao wajue kwamba tangu mwaka 2019 sheria za mpira zinamruhusu refa kuwaonyesha kadi viongozi wa benchi, na mkosaji wa benchini asipojulikana, kadi humwangukia kocha mkuu aliyepo. Anayeongoza benchi ndiye anayelijibia.

Na mtoto anapolalamika kwamba amepigwa au ameguswa vibaya na mtu mzima wa timu yake, shauri hilo lisiachwe mikononi mwa timu hiyo, wala lisingoje mashindano yaishe. Lipelekwe siku hiyo hiyo kwa ofisa wa ustawi wa jamii au polisi. Heshima ya timu haizidi usalama wa mtoto.

Ndugu zetu, umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana aonaye baba yake akidai haki kwa ngumi, kesho ataidai hivyo hivyo kiwandani na mitaani. Jumamosi ijayo, refa akikosea, mwacheni amalize kazi yake, kisha chukueni kalamu.