Mambo ya Nyumbani: Tuijue Nyama Kabla ya Kuitolea Fedha



Mtu aliyelelewa Kigoma au Ujiji hahitaji mwalimu wa kumfundisha kununua samaki. Tangu utotoni amemwona mama yake akifunua mashavu ya mgebuka atazame wekundu wake, akibonyeza tumbo la kuhe kwa kidole, na akitia dagaa kiganjani aone kama wamechanganyika na mchanga. Muuzaji wa mwaloni hamdanganyi kwa urahisi. Lakini mtu huyo huyo akienda buchani husema maneno mawili tu, "Nipe steki," kisha hutazama barabarani mpaka nyama ifungwe. Akifika nyumbani, nyama yachemka saa tatu nayo bado yakataa meno. Hapo lawama humwangukia mpishi, kisha mchinjaji, na pengine ng'ombe mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi kama hiyo nyumba iliyozoea kitoweo cha ziwani hulazimika kuelekea buchani, na fedha ya nyama ni nyingi kuliko fedha ya dagaa. Mwenye nyumba asiyeijua nyama hupoteza riziki ya watoto wake bila ya kuibiwa na mtu yeyote.

Basi neno letu la mwezi huu ni hili: thamani ya nyama haimo katika jina lake wala katika ukubwa wa bei yake, bali katika kufaa kwake kwa chungu unachokusudia kukiinjika.

Steki ni nini?

Neno hili limetoka katika Kiingereza, na kwa wenyewe maana yake ni pande nene la nyama la kuchomwa au kukaangwa upesi. Sisi tumeligeuza likawa jina la nyama yoyote isiyo na mfupa. Kwa hiyo mnofu wa shingo ni steki, wa paja ni steki, na wa mgongo ni steki. Zote hulipiwa bei moja, ilhali hazifanani hata kidogo.

Kanuni ya kuzitambua ni nyepesi. Nyama ni misuli, na msuli uliofanya kazi nyingi huwa mgumu, na ule uliofanya kazi kidogo huwa laini. Ng'ombe husimama na kutembea kwa miguu, huinamisha na kuinua shingo mchana kutwa akila majani. Basi miguu, mabega na shingo vimejaa kano na nyuzi ngumu. Lakini sarara, ile nyama ndefu iliyolala ndani ya kiuno chini ya uti wa mgongo, haina kazi kubwa. Kwa sababu hiyo ndiyo laini kuliko zote. Inayoifuatia ni nyama ya juu ya mgongo. Paja liko katikati: lina mnofu mwingi na mafuta machache, na ulaini wake hutegemea sana umri wa mnyama.

Tena tukumbuke kwamba ng'ombe mmoja ana sarara mbili tu, moja kila upande, nazo hazifiki hata sehemu moja katika ishirini ya nyama yake yote. Haiwezekani basi kila anayesema "steki" apewe sarara. Mwenye bucha hana ng'ombe wa sarara tupu. Ana ng'ombe mzima, na mnyama mzima sharti aliwe.

Huko Marekani wakaguzi wa serikali huipanga nyama ya ng'ombe kwa madaraja. La juu huitwa Prime, la pili Choice, la tatu Select, na kipimo chao kikubwa ni mafuta yaliyotawanyika kama nyuzi nyeupe ndani ya mnofu, pamoja na umri wa mnyama. Kipimo hicho ni kizuri kwao, kwa maana ng'ombe wao aghalabu hulishwa nafaka kwa miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa, na nyama yao huchomwa kwa dakika chache. Ng'ombe wetu, awe wa pembe ndefu kutoka Kasulu na Kibondo au wa nundu kutoka kwingineko, hula majani na hutembea mwendo mrefu. Mafuta ya ndani ya mnofu wake ni haba, lakini nyama yake ina ladha nzito. Kuipima kwa daftari la wageni ni kuidhulumu.

Ishara za nyama njema

La kwanza kabisa ni kuwa nyama iwe halali, imechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na iwe imekaguliwa na kupigwa muhuri machinjioni. Qurani Tukufu imetuagiza tule kilicho halali na kilicho kizuri pia. Yote mawili yatakiwa pamoja. Baada ya hayo, tazama ishara hizi.

Rangi iwe nyekundu yenye kung'aa. Ikigeuka kahawia au kijivujivu, imekaa. Bonyeza kwa kidole: nyama njema hurudi mahali pake, iliyochoka hubaki na shimo. Iwe na unyevu kidogo bila ya utelezi, wala isitiririke maji. Harufu ya uchachu haina udhuru.

Umri wa mnyama watambulika kwa mifupa na nyuzi. Mfupa wa mnyama mchanga una wekundu na ncha zake ni laini. Wa mzee ni mweupe na mgumu. Nyuzi nyembamba ni dalili ya ulaini, na nyuzi nene ni dalili ya kuhitaji moto wa muda mrefu. Mafuta ya manjano yasikutishe peke yake: mnyama aliyekula majani mabichi huwa nayo, na mnyama mzee kadhalika. Yatazame pamoja na mfupa ndipo uhukumu.

Ikiwa nyama ni nyeusinyeusi na yanata vidoleni ingawa imechinjwa asubuhi ile ile, aghalabu mnyama huyo alichoka sana au alihangaishwa kabla ya kuchinjwa. Nguvu iliyohifadhiwa katika misuli yake ilikwisha njiani, na nyama ya namna hiyo huharibika upesi. Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametuamuru, kama alivyopokea Imamu Muslim, kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake. Amri hiyo ni ya huruma, na anayeivunja huiharibu hata nyama yenyewe.

Kila nyama na chungu chake

Sarara na nyama ya mgongo ni za moto mkali na muda mfupi. Uzichemshe saa mbili nazo zitakauka, na fedha yako itakuwa imekwenda na mvuke. Paja lafaa mishikaki na nyama ya kukaanga. Likiwa gumu, lipakwe papai bichi lililopondwa kwa muda mfupi, maana utomvu wake huvunja nyuzi za nyama, na likizidi muda nyama huwa kama uji. Tena ikatwe kwa kukingama na nyuzi zake, si kwa kuzifuata.

Bega, shingo na mkono ni za mchuzi na pilau. Kidari na mbavu zina mafuta yanayoingia katika wali. Muundi, mkia na makongoro ni za supu. Ugumu wa sehemu hizi si ila: zile kano na ngozi nyeupe zinazokataa meno, zikipikwa kwa maji na moto wa polepole, huyeyuka na kuupa mchuzi uzito. Sarara haina cha kuyeyuka. Na sisi watu wa ugali wa muhogo, tunaohitaji mchuzi wa kutowelea, shingo iliyopikwa taratibu kwa mawese hutushibisha kuliko mapande mawili ya sarara makavu.

Jambo jingine: nyama iliyochinjwa alfajiri hukakamaa baada ya saa chache, kisha hulainika polepole. Mwenye jokofu aiweke humo siku moja au mbili kabla ya kuipika, mahali pa baridi pasipogandisha, naye ataona tofauti. Asiye na jokofu asithubutu; joto la pwani ya ziwa halingoji.

Hesabu ya mfupa

Watu wengi hudhani ya kuwa nyama ya mfupa ni rahisi sikuzote. Tufanye mfano wa hesabu tu. Tuseme nyama ya mfupa ni shilingi 10,000 kwa kilo, na steki ni shilingi 13,000. Ikiwa robo ya kilo ile ya kwanza ni mfupa, umepata mnofu wa gramu 750 kwa shilingi 10,000, yaani kilo moja ya mnofu imekugharimu shilingi 13,333. Hapo steki ndiyo rahisi. Lakini ikiwa mfupa ni gramu 200 tu, kilo ya mnofu imekugharimu shilingi 12,500, nawe una mifupa ya supu juu yake.

Basi siku moja pimeni mifupa iliyobaki mezani kwenu. Mkijua bucha lenu huwapa mfupa kiasi gani, hamtakisia tena. Kazi hii yawafaa sana vijana wanaosoma hesabu. Ni somo lenye faida siku ile ile.

Mizani na mdomo

Ujiji ni mahali pa soko tangu zama za misafara, kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, na soko husimama kwa uaminifu. Mizani ya bucha yatakiwa ikaguliwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, na mnunuzi ana haki ya kuitazama. Kuna Sura nzima katika Qurani Tukufu, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Kadhalika imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta maji ndani. Akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akatangaza kuwa mwenye kudanganya si katika watu wake. Afichaye mafuta na kano chini ya mnofu mzuri na ajitazame katika Hadithi hiyo.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu wake. Usimtume mtoto na fedha na neno "steki" peke yake. Mwambie aseme: "Nataka kilo moja ya paja, ya mishikaki," au, "Nataka shingo, ya mchuzi." Mwenye bucha mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu atajua kwamba nyumba ile ina macho.

Heshima ya mgeni

Mwisho, tuseme juu ya aibu isiyo na msingi. Wako watu wanaokopa fedha ili mgeni asione mfupa katika sahani, wakidhani kuwa heshima imo katika steki. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama akapewa sehemu ya mkono, nayo ilikuwa ikimpendeza. Mkono, ndugu zangu, wenye mfupa wake! Naye alimwusia Abu Dharri (r.a.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji na awakumbuke jirani zake. Wasia huo hauwezekani kwa sarara ya kuchoma. Wawezekana kwa chungu cha muundi na shingo. Nyama inayoitwa duni ndiyo iwezayo kuvuka ua ikamfikia jirani ambaye siku ile hana kitoweo.

Basi mwenye kipato kikubwa na anunue sarara, ni halali yake, wala asiichemshe. Mwenye kipato kidogo na anunue shingo bila ya kuinamisha uso, aipike kwa subira. Na wazazi wawapeleke vijana wao buchani, wake kwa waume, wawaonyeshe mgongo uko wapi na bega liko wapi, kama walivyowaonyesha mashavu ya mgebuka.

Wabillahi taufiki.