Azimeni Futi ya Fundi Cherehani

Wadogo zangu, ninyi mnaopanda peku kwenye mashine ya jimu na kushuka na karatasi inayosema mafuta ni asilimia 27, naomba mnisikilize kabla hamjaanza kushinda njaa au kununua dawa za kupunguza mwili kwa ajili ya namba hiyo.

Mashine ile haioni mafuta. Hupitisha umeme mdogo sana, usiohisika, kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, kisha hupima jinsi mwili ulivyouzuia. Misuli ina maji mengi, hivyo umeme hupita kwa urahisi. Mafuta yana maji kidogo, umeme hukwama. Kwa hiyo kifaa hukisia maji kwanza, na kutokana na maji kikakisia mafuta. Kijana aliyetoka jasho jingi bila kunywa kitu anaweza kuambiwa ana mafuta mengi kuliko aliyonayo. Tena umeme wa mguu hadi mguu hupita zaidi miguuni. Tumbo, ambalo ndilo la kuangaliwa, huguswa kidogo tu.

Koleo la kubana mkunjo wa ngozi nalipa heshima yake. Mwaka 1974 Durnin na Womersley wa Glasgow walichapisha hesabu zinazotumika hadi leo: unabana mkono wa juu mbele na nyuma, chini ya mfupa wa bega, na juu ya nyonga, kisha unajumlisha. Lakini hesabu zile zilitokana na miili ya watu 481 waliopimwa huko kwao, na mpimaji akibadilika, jibu nalo huweza kubadilika. Kipimo cha DEXA, kinachotumia eksirei, ni kizuri zaidi. Ila wangapi kati yetu watakifikia?

Inabaki BMI ya kliniki: kilo zako, ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliyeanzisha hesabu hiyo karne ya 19 alikuwa mwanatakwimu, akimtafuta mtu wa wastani. Sasa chukua kuli wa Kariakoo anayebeba magunia na karani anayekaa kutwa nzima, wote wawili kilo 85, wote sentimita 170. Wote watapewa 29.4. Yupi ana mafuta yanayobana ini na utumbo, yale yanayokaribisha kisukari na shinikizo la damu? BMI haisemi. Futi husema.

Basi ombi langu ni hili. Azima futi ya fundi cherehani. Tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, siyo pale suruali inapokaa. Pumua nje kama kawaida, usivute tumbo, futi isikubane. Kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 aangalie 85. Mwongozo wa afya wa Uingereza unawashauri watu wazima hivyo hivyo tangu 2022. Mjamzito kipimo hiki hakimhusu. Ukizidi nusu, nenda ukapime presha na sukari, upate maneno ya daktari.

Nasi wakubwa tuna la kuacha. Kijana akirudi likizo tunampokea kwa "umenenepa, maisha yamekukubali", au "umekonda, unaumwa?", mbele ya wageni. Wengine wanabeba maneno hayo miaka mingi. Tumuulize habari za masomo kwanza.

Wenye jimu, mwambieni mteja mashine yenu hufanya nini, na apime saa ile ile kila mara, kabla ya mazoezi. Msimtangazie namba yake ukumbini. Na mafundi cherehani, msichana akija kupimwa gauni akawaomba mmsomee kiuno na urefu, msomeeni taratibu, asikie yeye tu.