TGIC kwenye rangi ya unga: hoja za wanaoitetea

Hoja inayopendwa na wauzaji ni kwamba rangi ya unga haina thina wala mvuke wa kulevya, kwa hiyo ni salama tangu mwanzo. Nusu yake ni kweli: thina haimo. Lakini poliesta ya unga haigandi peke yake. Inahitaji kigumishaji, na kwa miaka mingi kigumishaji cha rangi za nje kilikuwa TGIC, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 7 ya mchanganyiko wao, poliesta ikiwa 93. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaiweka TGIC katika daraja la 1B la vitu vinavyoharibu vinasaba, na mwaka 2012 iliingizwa kwenye orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa. Ni sumu ikivutwa puani, huumiza macho, na ngozi ikishaanza kuikataa, hata chembe kidogo baadaye huamsha mzio upya.

Mtetezi atajibu kwamba ikishaiva ndani ya tanuri inajifunga na resini, haimdhuru mtu. Sawa, mwenye dirisha jipya sebuleni hana la kuogopa. Ila kabla ya tanuri kuna fundi. Ndiye anayefungua boksi na kumimina unga kwenye pipa, ndiye anayenyunyizia, ndiye anayekusanya uliomwagika ili utumike tena, na jioni ndiye anayesafisha kibanda cha kunyunyizia. Pengine anapuliza nguo zake kwa mpira wa kompresa, jambo baya kuliko yote, maana linarusha vumbi usoni pake mwenyewe. Hoja ya tanuri inamhesabu mnunuzi na kumsahau huyu.

Basi avae barakoa? Avae, ndiyo. Lakini barakoa ndiyo kinga ya mwisho, nayo hutegemea mtu anayetoka jasho asiivue hata dakika moja. Kuondoa sumu yenyewe hakutegemei nidhamu ya mtu yeyote.

Kisha linakuja suala la jua: eti mbadala wa TGIC, kigumishaji kiitwacho HAA, hupauka upesi. Ingekuwa hivyo, Wazungu waliopaka fremu za majengo yao kwa HAA tangu miaka ya 1990, TGIC ilipoanza kubandikwa alama ya sumu, wangeshalalamika. Hata alama ya ubora ya Qualicoat haimpendelei yeyote: rangi ya daraja la kwanza huachwa mwaka mzima kwenye jua la Florida, ya daraja la pili miaka mitatu, na za HAA zimefaulu.

Hoja yenye uzito ni ya vishimo. HAA inapoganda hutoa maji, na rangi ikiwa nene, tuseme kupita maikroni 100, mvuke huo hutoboa uso. Kwenye vyuma vizito vya kumimina, au pale mpakaji anapopiga bunduki ya kunyunyizia bila kupima, tatizo ni la kweli. Tena tanuri la gesi la moto wa moja kwa moja linaweza kuifanya nyeupe igeuke manjano. Wanaotangaza HAA kama haina dosari wanaharibu kesi yao wenyewe. Dawa ni kipimo cha unene mkononi na tanuri lililorekebishwa.

Gharama ya kuhamia HAA? Bunduki ni zilezile na tanuri ni lilelile. Kazi kubwa ni kusafisha kibanda na mabomba kabla ya kubadili, kwa sababu unga wa aina mbili ukichanganyika mng'aro huharibika.

Isitoshe, si kila kisicho TGIC ni salama. PT 910, kigumishaji kingine kilichowahi kusifiwa kama mrithi wake, nacho huleta mzio wa ngozi. Kwa hiyo karakana ya Dar es Salaam au Nairobi inayoagiza unga kutoka nje isiridhike na neno la muuzaji. Idai karatasi ya usalama wa bidhaa na kutafuta humo namba ya utambulisho wa kemikali 2451-62-9. Ikiwepo, hiyo ni TGIC, hata kama boksi limechorwa jani la kijani.